HERUFI ZIFANANAZO SI UDUGU WA MANENO



Iko desturi moja iliyoenea miongoni mwetu tukaao mezani na kalamu, na miongoni mwa watoto wetu waendao shule, ambayo twaona yafaa isemwe waziwazi ili kila mtu aipime. Desturi hiyo ni kulitambua neno la Kiingereza kwa kipande chake. Mtu huona neno refu asilolijua. Ndani yake huona herufi tatu au nne azijuazo. Basi hulitolea neno zima maana ya kipande kile. Ni kama mtu amkutaye mgeni njiani akamwita mjomba, kwa sababu tu pua ya mgeni yafanana na ya mjomba wake. Pengine hupata. Mara nyingi hukosa. Na akikosa mtu wa mezani, anayeumia si yeye, bali ni yule aliyesimama mbele ya meza akingoja kusomewa barua yake.

Shauri letu katika karatasi hizi ni fupi: herufi zikifanana, hiyo ni dalili, si ushahidi. Neno halipimwi kwa sura yake, bali kwa ukoo wake na kwa kazi ifanyayo katika maneno yaliyo kando yake. Tutajaribu kulionyesha jambo hili kwa mifano, kisha tutasema kwa nini twaliona kuwa jambo zito kwa watu wa milima hii.

Mfano wa kwanza hatuna haja ya kuutafuta mbali, maana umeandikwa juu ya vibao vya barabara yetu. Msafiri atokaye upande wa Tanga akielekea Moshi, ikiwa ajua Kiingereza wala hajui Kiswahili, akifika mjini kwetu ataona kibao kilichoandikwa SAME. Atalitamka neno hilo kwa silabi moja, naye ataona ameambiwa "ile ile" au "sawasawa", kwani hiyo ndiyo maana ya "same" kwa Waingereza. Akitazama ramani ataona milima iliyo juu yake yaitwa Pare, na "pare" kwa lugha yake ni kumenya, yaani kuondoa ganda la tunda kwa kisu. Herufi ni zile zile, tena zimepangwa vile vile. Lakini Same yetu ina silabi mbili, na Pare yetu kadhalika, wala hapana kimenywacho. Wala sisi tusimcheke sana msafiri huyo. Mswahili wa pwani aweza naye kuliona jina la mji huu ndani ya neno samehe, akaanza kutunga hadithi ya watu waliosameheana hapa, ilhali samehe ni neno lililotujia kutoka Kiarabu na njia yake ni nyingine kabisa. Tena wenyewe wa milima hii, wakisema kwa lugha yao, hujiita Vaasu, na lugha yao huiita Chasu. Basi mtu atakaye kuwajua kwa kuchambua herufi za neno Pare atakuwa amepiga hodi katika nyumba isiyo yao.

Sasa na tutazame herufi tatu tu za Kiingereza, nazo ni m, a, n. Kila mtoto wa shule ajua kwamba "man" ni mtu, au mwanamume. Akiisha kujua hivyo, kila aonapo herufi hizo tatu zimekaa pamoja hudhani kuna mtu ndani yake. Ukweli ni kwamba ndani ya herufi hizo zimo nyumba tatu zisizohusiana.

Nyumba ya kwanza ni ya mtu mwenyewe. Humo wamo "man", na "woman" ambaye ni mwanamke, na "mankind" ambao ni wanadamu wote, na "foreman" ambaye ni nyapara wa kazi. Hata neno letu manowari, tulilowapa meli za vita, limetoka humo, kwa kuwa mabaharia wa Kiingereza waliziita meli hizo "man-of-war". Lakini tahadhari: neno "human", ingawa maana yake ni "-a kibinadamu" na ingawa lamalizika kwa herufi hizo hizo, si la nyumba hii. Limetoka katika Kilatini, nalo ni jamaa ya "homo", yaani binadamu kwa lugha hiyo. Hapa sura zafanana, na maana nazo zakaribiana, lakini udugu haupo. Ni majirani waliovaa kanzu za rangi moja.

Nyumba ya pili ni ya mkono. Kwa Kilatini mkono ni "manus", na kutoka kwake Waingereza wamepata maneno mengi tunayoyatumia kila siku ofisini. "Manual" ni kazi ya mikono, au kitabu cha mwongozo cha kushikwa mkononi. "Manuscript" ni maandiko ya mkono. "Manufacture" ni kutengeneza kwa mkono, ingawa siku hizi mashine ndizo zitengenezazo. "Manacle" ni pingu ya mkono. "Manage", lililotupa sisi neno meneja, hapo zamani lilihusu kumwongoza farasi kwa mkono. Hata "manure", ambayo ni mbolea, ni wa nyumba hii: kwanza neno hilo lilikuwa na maana ya kufanya kazi kwa mikono, kisha kulima ardhi, na mwisho ile samadi itiwayo ardhini. Mama atiaye samadi katika shamba lake la tangawizi huko Mamba Miamba, akiambiwa kwamba neno hilo latokana na mkono, hatashangaa, maana yeye aijua kazi hiyo kwa mikono yake.

Katika nyumba hiyo hiyo ya mkono mna chumba kimoja ambacho watumishi wa Serikali hatuna budi kukijua vyema. Warumi walikuwa na neno lenye maana ya kumtia mtu kitu mkononi, yaani kumkabidhi au kumwagiza. Kutoka kwake kuna "command", ambayo ni amri; na "demand", ambayo ni dai, kama zile hati za madai ya kodi ziletwazo kwa wananchi; na "remand", ambayo ni kumrudisha mshtakiwa kizuizini mpaka siku ya kesi yake. Hilo la mwisho tumekwisha kulifanya letu, tukaliita rumande. Kutoka chumba hicho hicho limetoka neno "mandate". Ndilo neno lililotumika mwaka 1922, Ushirika wa Mataifa ulipoithibitisha Tanganyika mkononi mwa Uingereza. Nchi nzima ilikabidhiwa kama mzigo ukabidhiwavyo. Na katika nyumba hii hii ya mkono limo neno "emancipate", lililo kinyume chake: kumtoa mtu katika mkono wa mwenye kumtawala, kama baba wa Kirumi alivyomwacha mwanawe awe huru. Basi mtu afikiriye kwamba "mandate" na "emancipate" yasema habari za mwanamume hakusoma neno lolote. Lakini ajuaye kwamba yote mawili ni habari za mkono ameisoma nusu ya historia ya nchi hii, tangu 1922 hata tarehe 9 Desemba 1961.

Nyumba ya tatu ni ya kukaa. Kwa Kilatini kukaa au kubaki ni "manere". Humo wamo "remain", ambayo ni kubaki, ijapokuwa herufi zake zimebadilika kidogo. Na "mansion", ambayo ni nyumba kubwa ya kukaa. Na "permanent", ambayo ni -a kudumu. Ni nani katika watumishi asiyelijua neno hilo la mwisho? Limo katika barua za ajira; ndilo litenganishalo mtu mwenye kazi ya kudumu na yule wa muda; wako watu wanaolingojea kwa miaka. Hata hivyo ndani yake hamna mtu wala mkono. Ni kukaa tu.

Msomaji atauliza kwa nini lugha moja iwe na fujo namna hii. Jibu ni kwamba Kiingereza hakikujengwa na fundi mmoja. Maneno kama "man" yaliletwa na makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari na kukaa katika kisiwa kile zamani sana. Kilatini kiliingia kwa njia ya kanisa na wasomi. Mwaka 1066 kisiwa kilishindwa na watu wa Normandy, waliosema Kifaransa, nao wakawa ndio wenye baraza na mahakama kwa muda mrefu. Ndiyo sababu maneno mengi ya sheria na ya utawala yana asili ya Kifaransa na Kilatini. Mwaka 1476 William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster, na mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa. Kwa chapa na kwa kamusi namna ya kuandika ikaanza kuganda, huku matamshi yakiendelea kugeuka. Ndiyo sababu mtoto wetu akutanapo na "though", "through", "tough" na "cough" huona herufi nne za mwisho ni zile zile katika maneno yote manne, na mwalimu ayatamka kwa sauti nne. Mtoto huyo si mjinga. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea lugha ambayo herufi hutimiza ahadi yake.

Na kweli Kiswahili chetu kina neema hiyo. Tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki mwaka 1930, namna ya kuandika iliwekwa sawa, na mtu aonapo neno huweza kulitamka hata kama hajapata kulisikia. Lakini neema hii isituletee kiburi. Kutamka si kuelewa, na kwetu pia herufi hudanganya.

Tazama maneno amani, imani, amini na amana. Haya ni ndugu wa kweli, wa shina moja la Kiarabu: mtu uaminiye hukutia amani, nawe humwekea amana yako. Zamani na thamani, ingawa yana mlio uo huo, si jamaa zao. Na dhamini je? Ukiliandika utaona amini imekaa ndani yake nzima nzima, lakini shina lake ni jingine, nalo lahusu kubeba wajibu wa jambo au wa mtu. Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Aliyeisoma herufi angeweza kudhani kwamba udhamini ni kuaminiwa, yaani kwamba sasa wenyeji wameaminiwa. Maana yenyewe ilikuwa kwamba mwingine amebeba wajibu juu yao. Tofauti hiyo si ndogo.

Tazama tena haki na hakimu. Nani asiyedhani kwamba hakimu ameitwa hivyo kwa sababu hutoa haki? Kwa Kiarabu herufi yetu ya k katika maneno haya mawili ni herufi mbili mbalimbali, na mashina ni mawili. Jamaa za hakimu ni hukumu, hekima na mahakama, maneno ambayo kwa sura hayafanani sana, lakini damu ni moja. Basi jina la hakimu lina ahadi ya kuhukumu kwa hekima. Haki yenyewe hatuna budi kuidai mbali, haimo ndani ya jina.

Na neno manamba? Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya reli hii yetu walijua neno hilo lilivyo chungu. Manamba walikuwa vibarua walioandikwa kwa mkataba na kuletwa kutoka mbali. Mwenye kusoma Kiingereza ataona "man" mwanzoni, naye atafurahi kwamba hapa angalau mtu yumo. Hayumo. Neno ni namba, likiwa na kiambishi cha wengi mbele yake: watu walioitwa kwa namba zao. Hakuna mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha jinsi herufi ziwezavyo kutuonyesha mtu mahali ambapo mtu aliondolewa.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe lililotufanya tushike kalamu. Huenda wengine wakasema kwamba hii ni michezo ya wasomi, na kwamba mkulima wa Gonja au wa Chome hana haja na Kilatini. Twajibu kwamba watu wa Upare walikwisha kulipa gharama ya neno lililofanana na jingine, nao walilipa hapa hapa Same.

Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, tawala za wenyeji za Upare, kwa msukumo wa Serikali ya kikoloni, zilianzisha kodi mpya iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Kwa Kiingereza kodi ya namna hiyo huitwa "graduated". Neno hilo ni la ukoo mmoja na "grade", "gradual" na "graduate", na mzazi wao wote ni "gradus", yaani hatua au ngazi. Hapa herufi zafanana na udugu upo. Hata hivyo "graduated tax" si kodi ya wahitimu wa chuo. Ni kodi yenye ngazi. Ndugu wa tumbo moja hawafanyi kazi moja, na hili nalo ni fundisho: hata penye udugu wa kweli, hatuna ruhusa ya kuacha kuuliza.

Lakini neno lililowafikia watu milimani halikuwa la Kiingereza. Kodi ile iliitwa mbiru. Hilo lilikuwa neno la kale la Kipare, lililohusu matoleo ya watu kwa watawala wao katika utaratibu wa zamani, ambao kila mtu aliufahamu. Basi jina lilikuwa la zamani, herufi zile zile, mlio ule ule. Bali kitu kilichokuwa ndani yake kilikuwa kipya. Watu waliozoea kodi ya kiwango kimoja walijikuta wakikadiriwa mali zao kwa njia wasiyoielewa wala kuiridhia. Mwezi wa Januari 1945 maelfu yao walishuka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, kuleta malalamiko yao. Shauri lilichukua muda mrefu, na wanawake wa Usangi nao waliingia ndani yake. Kufikia 1947 mpango ule ulikuwa umeachwa. Profesa Isaria Kimambo alieleza habari hizo katika kitabu chake juu ya mbiru kilichotolewa mwaka 1971, na kila mtumishi afikaye kufanya kazi katika wilaya hizi ingemfaa akisome kabla ya kufungua jalada la kwanza.

Hatusemi kwamba neno peke yake ndilo lililowashusha watu milimani. Walishuka kwa ajili ya kukadiriwa, na kwa ajili ya kutosikilizwa. Lakini twasema kwamba jina la kale halikuweza kuifunika kodi mpya, na kwamba watawala waliodhani litaifunika walifanya kosa lile lile la mtoto aonaye "man" katika "permanent". Walidhani herufi zikiwa zile zile, na utii utakuwa ule ule. Watu wa milimani hawakusoma herufi, walisoma kitu. Kwa hiyo walielewa vizuri kuliko walioandika.

Leo mambo ni mengine, lakini hatari haijaondoka. Mtoto wa Same husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo yake karibu yote hugeuka Kiingereza. Hana muda wa kujua ukoo wa maneno; hukariri. Amesikia kwamba "germ" ni kijidudu cha maradhi; siku ya pili asoma katika somo la viumbe hai kwamba mbegu ya maharage imefanya "germination". Afanyeje asidhani kwamba mbegu imeugua? Lau angaliambiwa kwamba yote mawili yametoka katika neno moja la Kilatini lenye maana ya chipukizi, na kwamba moja limekwenda kwa wakulima na jingine kwa waganga, asingalisahau tena. Badala yake huambiwa akariri, naye akishindwa huitwa mzito.

Mwananchi naye bado huleta karatasi dirishani. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi twaishukuru. Wako watakaosema kwamba basi shauri limekwisha, tuache Kiingereza kiende zake. Sisi twaona kinyume: ndipo kazi ilipoanza. Majalada ya miaka mingi yameandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa kuyaleta katika Kiswahili ni mtumishi yule yule wa mezani. Akilifasiri neno kwa kipande chake, kosa ambalo zamani lilikaa kwa Kiingereza, ambapo wachache walilisoma, sasa litakaa kwa Kiswahili, ambapo wote watalisoma na kuliamini. Waliotutangulia, wale waliounda huko Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, Martin Kayamba akiwa mbele yao, walikuwa watu wa kufanya kazi baina ya lugha mbili. Urithi walioutuachia si Kiingereza chenyewe. Ni ile kazi ya kusimama katikati pasipo kumpotosha mtu wa upande wowote.

Twajua pia kwamba wako walimu wema watakaotuambia kwamba kipande cha neno humsaidia mwanafunzi, na kwamba ajuaye "gradus" amefunguliwa maneno kumi kwa siku moja. Twakubali kabisa. Hatukatai dalili, twakataa dalili kufanywa hukumu. Mvuvi huona ndege wakizunguka juu ya maji akaenda kutazama. Hauzi samaki kabla ya kutupa wavu.

Kwa hayo yote twaleta mashauri manne, nayo ni mepesi, hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, walimu wa shule zetu wawafundishe watoto maneno kwa koo zake, si kwa orodha za mwandiko. Juu ya kila neno jipya na waulize mambo matatu: latoka wapi, lafanya kazi gani katika sentensi hii, na ni neno gani lifananalo nalo lisilo ndugu yake. Swali la tatu ndilo lisahauliwalo, nalo ndilo lenye kinga.

Pili, mtumishi asimfasirie mtu neno moja moja. Na aisome sentensi mpaka mwisho, ndipo aseme maana. Akiwa na shaka, afungue kamusi mbele ya mwenye barua bila kuona haya. Mtu wa milimani hamdharau karani afunguaye kamusi. Humdharau ajifanyaye ajua.

Tatu, kila ofisi iwe na daftari moja la maneno yaliyowahi kuleta shaka, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, pamoja na maana iliyokubaliwa. Wapare walijua tangu kale kujenga ndiva, mabwawa ya kukusanya maji kidogo kidogo ili kesho yafunguliwe yakanyweshe mashamba ya wengi. Daftari hilo litakuwa ndiva ya maneno. Kila atakayehamishwa ataliacha kwa ajili ya ajaye.

Nne, na hili twalisema kwa wakubwa: kila mchango, ada au ushuru utakaotangazwa vijijini usitangazwe kwa jina tu. Jina lifuatwe na hesabu: nani alipe, kiasi gani, kimepimwaje, na mtu aende kwa nani akiona ameonewa. Neno zuri la kale lisiazimwe kubebeshwa jambo jipya pasipo kueleza kwamba ni jipya. Mbiru imetufundisha hayo. Si haki tufundishwe mara mbili.

Wako watakaoona kwamba tumesema mengi juu ya herufi tatu. Lakini sisi tukaao mezani twajua kwamba herufi tatu zaweza kumpeleka mtu rumande, au kumpa kazi ya kudumu, au kumwandika kuwa namba. Aliye mbele ya meza haoni yaliyomo ndani ya neno. Amekuachia wewe uone kwa niaba yake. Hiyo ndiyo amana.

Haya ndiyo maoni yetu. Aliye na shauri jingine, au aliye na maneno mengine yenye sura moja na koo mbalimbali, hasa walimu na makarani wa Gonja, Ndungu, Mwembe, Usangi na Ugweno, na aandike, nasi tutayapiga chapa katika karatasi hizi ili wote wafaidike.